Namba Ishirini Wima

Wanangu mliokabidhiwa ukurasa wa mafumbo, mmeniomba niwaandikie siri za kazi kabla sijazisahau. Siri hakuna. Kuna penseli, kuna kifutio, kuna ubishi. Nilikaa na ukurasa ule tangu nikiwa msichana hadi juzi mliponikatia keki pale ofisini, keki ambayo mhariri alikula vipande vitatu huku akituambia daktari amemkataza sukari. Ya vyeo sitayasema, maana mtunga mafumbo hana cheo. Nitawaeleza nilivyofundishwa kazi, na kosa moja nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo kosa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hayo mengine mngeyajua hata bila mimi.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi za ofisi yetu ya Malindi, juu ya duka la vitambaa, nikijua nimeajiriwa kupiga taipu. Nikamkuta Maalim Shee, mzee wa kutoka visiwa vya kaskazini, aliyekuwa akitunga fumbo la maneno la gazeti letu la kila Jumamosi. Alikuwa na rula ya mbao na kikombe cha kahawa kisichooshwa. Alinitazama, akanisukumia karatasi ya miraba yenye vidokezo pembeni.

"Jaza, Mwanaidi."

Nikaanza juu kushoto, namba moja mlalo, kama afanyavyo kila mtu. Akapiga meza kwa rula.

"Nani kakwambia uanzie hapo?"

"Si ndiyo namba moja, Maalim?"

"Namba moja nimeiweka mimi, na mimi sikutakii mema. Anza unapopaweza."

Basi hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo nawaona watu wazima wakikwama kwenye namba moja wakitafuna kalamu. Pita vidokezo vyote, jaza vile usivyohitaji kuvifikiria, kisha urudi. La pili alinifundisha siku hiyo hiyo: litazame neno kutoka mwishoni. Kiswahili hakipendi kumaliza neno mdomo ukiwa umefungwa, kwa hiyo mraba wa mwisho karibu kila mara ni a, e, i, o au u. Kitendo huishia a, kikitendwa huishia wa. Ukiona C, usiumize kichwa, mraba unaofuata ni H. Na ukiona F imekaa ubavuni mwa T, au B na D zimegusana, jua neno limekuja kwa Mwarabu: daftari, labda, na jamaa zao.

Halafu ngeli. Kidokezo kikisema "hukatika kikivutwa sana," ile ki imeshakupa nusu ya jibu, nawe unatafuta nini tena? Mtunzi mjanja huificha kwa kusema "huyu bwana," kumbe bwana mwenyewe ni sufuria. Ukimwona bwana kwenye kidokezo, mshuku. Upande wetu sisi watunzi shida ni maneno mafupi, maana Kiswahili hakina mengi. Nge, nta, nzi na mbu wameniokoa mara nyingi. Msomaji mmoja wa Kilifi aliniandikia akiuliza kama nyumbani kwangu hakuna chandarua, maana kila wiki mbu. Nilimjibu kwamba akiniletea neno jingine la herufi tatu lenye B katikati na U mwishoni nitampa mbu wote. Hakulileta.

Lakini la Maalim lililo kubwa kuliko yote ni hili. Alisema kidokezo chema ni kile ambacho mtu akishindwa, nawe ukamwonyesha jibu, anajipiga kofi la paji la uso na kucheka. Akikukasirikia, kosa ni lako. "Ukitaka kumshinda msomaji ni kazi rahisi," alikuwa akisema. "Andika kitu asichokijua. Hata mjinga aweza. Kazi ni kumshinda kwa kitu anachokijua tangu utotoni." Niliyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu. Kuyaandika niliyaandika, ila kuyashika ndiko kulikonishinda.

Maalim pia ndiye aliyeniambia fumbo halichapwi kabla halijajaribiwa na mtu asiyekaa nyumbani kwako wala ofisini kwako. Yeye alikuwa na mjaribu wake Mambrui, na mjaribu yule alipofariki, nami nikiwa nimeshaanza kutunga, tukaanza kutafuta mwingine. Ndipo ikaja barua kutoka Gongoni, mwandiko ulionyooka kama foleni ya benki. Mwandishi alikuwa karani wa mizani katika shamba moja la chumvi, jina lake Karisa. Alisema kidokezo changu cha wiki iliyopita kilikuwa na majibu mawili yote sahihi, na akayataja. Nilichemka. Maalim akaisoma barua mara mbili, akaikunja taratibu.

"Mtu akikuonyesha tundu la paa lako kabla ya mvua, unamtukana?"

"Hapana, Maalim."

"Basi mwandikie. Ndiye huyo."

Ikawa kila Jumatatu nampa makanga wa gari la Marereni bahasha, anaishusha Gongoni kwenye lango la chumvi, na Jumatano inarudi. Mzee Karisa alikuwa amenizidi kama miaka kumi. Alijaza kwa penseli, na kila kidokezo cha uonevu alikitia msalaba mdogo ubavuni. Ujira wake ulikuwa gazeti la bure na kikalamu cha risasi mara moja moja. Nilipomuuliza akikwama hufanya nini, aliandika kwamba huliacha fumbo, huenda kupima malori mawili, akirudi hukuta jibu limemngoja. Mimi sikuwa na malori. Nilijaribu kwa kufua nguo, na kweli husaidia.

Sasa mnajua vitendawili vyetu, mtu akishindwa humwambia mtegaji, "Nakupa mji," na mtegaji huupokea mji akajigamba atakavyoutawala. Mzee Karisa alilichukua jambo lile akalileta kwenye kazi. Kidokezo kikimshinda aliandika pembeni: "Namba saba mlalo, nimeshindwa. Chukua Vitengeni." Loo, nilicheka peke yangu mpaka watu wa chini wakatazama juu! Bahasha iliyofuata nikamjibu: "Vitengeni nimefika. Mahindi yenu nimeyachoma, na mzee wa kijiji ameniletea kuku, lakini mwembamba." Wiki nyingine akanipa Mnarani, nikamwandikia kwamba nimeyakuta magofu na nimeanza kuyapiga chokaa. Kwa miaka ile nilipata Takaungu, nikapata Ganze, nikapata Watamu yote pamoja na wageni wake. Mji mmoja tu alininyima. Siku moja nilimwandikia, "Nimechoka na vijiji, nipe Gongoni." Akajibu: "Gongoni hapana, Bi Mwanaidi. Huko ndiko ninakolala. Nikikupa, mimi nitalala wapi?"

Niseme ukweli, zilikuwa Jumatano zangu bora kabisa kazini.

Maalim Shee akazeeka, akarudi kwao visiwani, nikaachiwa meza na rula. Mwaka haujageuka, bahasha ya Jumatano ikaja nene. Ndani, pamoja na fumbo langu lililojazwa, mlikuwa na fumbo jingine, limechorwa kwa rula nyuma ya karatasi ya mizani, miraba myeusi imepakwa wino hadi imeng'aa. Na kijibarua: "Bi Mwanaidi, nami nimejaribu. Likifaa, naomba lichapwe kwa jina langu. Nimekwisha waambia wenzangu wa mizani waangalie Jumamosi." Hilo tu ndilo alilolitaka kwangu kwa miaka yote ile: jina lake chini ya fumbo lake.

Nilikaa nikalijaza. Nililimaliza kabla chai haijapoa. Maneno yote yalikuwa ya jikoni, ya shambani, ya mdomoni mwa kila mtu. Wala halikuwa na hata mbu mmoja. Na wanangu, karibu kila kidokezo kilinifanya nitabasamu. Kimoja, namba ishirini wima, herufi sita, kilisema hivi: "Watu hawamtaji mezani mpaka akosekane." Nilitulia kidogo, kisha nikajipiga kofi la paji la uso. Chumvi! Mtu amekaa na chumvi maisha yake yote, akaiangalia vizuri, akaisema kwa maneno matano. Mimi miaka yote nilikuwa nikiandika "kiungo cha mchuzi."

Wivu ulinishika, sina neno jingine la kuuita. Niliona kwamba karani wa mizani amefanya kile alichonifundisha Maalim, na mimi niliyekaa miguuni pa Maalim sijawahi. Basi nikachukua kalamu nyekundu. Nikaandika "jepesi" hapa, "jepesi" pale, mpaka karatasi ikawa kama imechinjiwa kuku. Chini kabisa nikaandika: "Hili ni fumbo la watoto. Wasomaji wetu ni watu wazima." Nikalitia katika bahasha na kumpa makanga. Jumamosi ile wenzake wa mizani walifungua gazeti wakakuta fumbo langu, kama kawaida.

 Mzee Karisa aliendelea kujaza, aliendelea kutia misalaba yake midogo, na akishindwa bado alinipa mji, ila maneno yake yalipungua. Mimi nikajiambia amenielewa. Mtu ukitaka kujidanganya hukosi msaada.

Ikapita miezi. Wiki moja nilikuwa na homa, na pembe ya chini ya fumbo imenikatalia. Nilibaki na nafasi ya herufi sita, yenye C juu na V ya pili kutoka chini, na neno lililoingia lilikuwa lile lile, chumvi. Na kwa bahati, kama ni bahati, namba yake ilikuwa ishirini wima. Nilijaribu kidokezo changu, kikatoka kimepooza. Nikajaribu kingine. Mwishowe mkono ukaandika: "Watu hawamtaji mezani mpaka akosekane." Kalamu haikusita hata kidogo. Nilijiambia ni kidokezo kimoja tu katika arobaini, na fumbo lenyewe nilikwisha lirudisha, nani atajua?

Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu bahasha huenda Gongoni. Nikampa makanga. Miaka yote nimejiuliza kama nilisahau inakokwenda au nilijifanya kusahau, na sijapata jibu la kunitosha. Nilimpelekea mtu kitu chake mwenyewe nilichomwibia, nikamwomba akijaribu kama kinafaa.

Jumatano ikarudi. Fumbo zima limejazwa kwa penseli, safi, hakuna msalaba hata mmoja. Namba ishirini wima ilikuwa tupu. Zile herufi zilizotoka kwenye maneno ya mlalo zilikuwamo, C na U na V, na katikati yake miraba mitupu ambayo hata mtoto wa shule angeijaza. Pembeni ameandika kwa ule mwandiko wake ulionyooka: "Namba ishirini wima, nimeshindwa. Chukua Gongoni."

Lahaula. Nilikaa pale mezani mpaka adhana ya alasiri ikanikuta, karatasi mkononi. Angenitukana ningejua la kujibu, maana matusi nayaweza. Yeye alinipa mji wake anakolala.

Na bado nilikuwa na nafasi. Jumatano ndiyo kwanza saa kumi, na ukurasa hufungwa Alhamisi jioni. Ningeweza kuandika "kiungo cha mchuzi" na yakaisha. Ningeweza kuandika chini, kwa herufi ndogo, kwamba kidokezo namba ishirini ni cha fulani. Sikufanya hili wala lile. Niliogopa mhariri ataniuliza fulani ni nani, na fumbo lake lenyewe liko wapi. Jumamosi kikachapwa, na chini ya fumbo jina langu.

Barua zikaja kwa wingi kuliko wiki zote. Mwalimu mmoja wa Kilifi alisema alijipiga kofi mpaka mkewe akauliza kuna nini. Mhariri alipanda ngazi mwenyewe, akazisoma kwa sauti, akasema, "Mwanaidi, hiki umekitoa wapi?" Nikasema, "Hujia tu." Nikasema ahsante. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami siombi pole. Nawaambia tu nilivyosema.

Jumatatu iliyofuata makanga alirudi na bahasha bila kufunguliwa. "Mzee anashukuru," alisema, "lakini anasema macho hayamsaidii tena." Nikapata mjaribu mwingine, na baada yake mwingine. Hakuna aliyetia misalaba, wote waliniogopa. Mafumbo yangu yakawa magumu kwa ugumu wa kuokoteza maneno ya kamusi, yaani ule ugumu ambao Maalim alisema hata mjinga auweza. Mmeyaona, na nyinyi mlikuwa na adabu ya kutosema. Gongoni si mbali na Malindi, ukivuka daraja la Sabaki umekaribia, na kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yangu sikufika. Nilikwenda arusi za Marereni nikipita pale, nimegeuzia uso upande wa pili.

Wiki mbili baada ya ile keki yenu nilikwenda. Niliuliza nyumba ya karani Karisa wa mizani, nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa barazani anasoma gazeti, bila miwani.

"Shikamoo, Mzee Karisa."

"Marahaba." Hakuwa amewahi kuniona uso hata siku moja. "Wewe ni Bi Mwanaidi. Sauti yako ndivyo nilivyodhani. Karibu, kaa."

"Macho vipi?"

"Macho hayakuwa na neno."

Nilijua, lakini kuambiwa ni kitu kingine. Nikamwambia nimestaafu, na nimekuja kumwomba radhi kwa fumbo lake nililolirudisha na kwa kidokezo nilichokichukua. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yakatoka bila mpango. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalikunja gazeti.

"Radhi nilikupa zamani, Bi Mwanaidi. Mimi si mtu wa kuweka vitu moyoni. Lakini mimi sikukuomba radhi. Nilikuomba jina."

"Nipe fumbo lile sasa. Nitawapelekea vijana, walichape."

"Ukurasa ni wako bado?"

"Si wangu tena."

"Ulipokuwa wako hukunipa. Sasa unakuja kunigawia wa watu?"

Mkewe alitoka ndani na chai na mihogo, mama mmoja mfupi mwenye leso ya rangi ya zambarau, jina lake Kadzo. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia, akakaa mkekani. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia bei ya mkaa:

"Bahasha ile niliifungua mimi."

Nikamwuliza ipi.

"Ile ya wino mwekundu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza ngumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima. Maneno yote ya fumbo lile mume wangu aliyapima kwangu kwanza. Neno nisilolijua, alilitoa. Nikishindwa kusoma kidokezo, alikiandika upya. Alisema likichapwa nitalijaza mwenyewe mbele ya watu, mpaka mraba wa mwisho. Basi bahasha ilipokuja nikamwambia, leo usisome wewe, nitakusomea mimi." Akanisogezea sahani ya mihogo. "Nikasoma yote, mpaka pale chini. La watoto. Nilikuwa nimeshajua kusoma, mwanangu."

 Nililia pale barazani kwa watu, mtu mzima mzima, na Bi Kadzo akanipa ncha ya leso yake nijifute, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mzee Karisa alitazama njiani mpaka nilipokwisha. Nikamwuliza kama atanikataza kuyaandika haya. Alisema kalamu ni yangu, na kwamba yeye hajazi tena, Bi Kadzo pia hajazi. Fumbo lenyewe hakunionyesha, nami sikuwa na uso wa kuliomba mara ya pili.

Basi wanangu, kamusi zangu zote ziko kabatini, rula ya Maalim iko kwenye mtoto wa meza. Kuna barua za wasomaji nazo mtazikuta, na nyingi katika hizo zinakisifu kidokezo kimoja. Hakikuwa changu. Namba ishirini wima ilitungwa na Karisa Kenga, karani wa mizani, wa Gongoni, na aliyeijaribu ni mkewe, Kadzo.